Shaka, Tuhuma na Kutoaminiana: Msamiati wa Kutoamini katika Kiswahili, kwa Mifano ya Kilosa na Mikumi

1. Utangulizi



Mhadhara huu unahusu maneno ambayo msemaji wa Kiswahili huyatumia pale asipoamini. Kwa mtazamo wa haraka, mada hii yaweza kuonekana kuwa ni ya kamusi tu: kukusanya maneno kama shaka, wasiwasi, dhana, tuhuma, kushuku na kusita, kuyapanga kwa alfabeti na kueleza maana ya kila moja. Kazi hiyo ina manufaa yake, nami nitaifanya kwa kiasi. Lakini ninalokusudia hasa ni jambo jingine. Nataka kuonyesha kwamba mtu anapoeleza kutoamini kwake kwa Kiswahili, sarufi humlazimisha kuchagua. Achague kama atajitaja yeye mwenyewe kuwa ndiye mwenye shaka, au atamficha mwenye shaka, au atalifanya shaka lionekane kuwa ni sifa ya yule anayeshukiwa, au ataligawa sawasawa kati ya pande mbili. Uchaguzi huo hufanywa kwa silabi moja au mbili tu ndani ya kitenzi, na aghalabu msemaji haujui kuwa ameufanya. Matokeo yake, hata hivyo, huweza kuwa mazito.

Mifano yangu nimeitoa katika wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, pamoja na mji mdogo wa Mikumi uliomo katika wilaya hiyo. Ninazo sababu mbili. Ya kwanza ni ya kiisimu. Kilosa ni nchi ya Wasagara, Wavidunda na Wakaguru, ambao lugha zao ni za Kibantu. Humo pia wanaishi wafugaji Waparakuyo na Wamasai, ambao lugha yao si ya Kibantu kabisa. Na juu ya hao kuna watu wa makabila mengi walioletwa na mashamba ya mkonge na Reli ya Kati. Katika mazingira hayo, mkulima na mfugaji wanapokutana mbele ya ofisa mtendaji wa kijiji, polisi au hakimu, lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Kutoaminiana kwao, kwa hiyo, hupita katika sarufi ya Kiswahili hata kama nyumbani kila mmoja anasema lugha nyingine.

Sababu ya pili ni ya kihistoria. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Tangu siku hiyo jina la Kilosa limekuwa likitajwa katika taarifa, semina na makala nyingi, na neno moja limekuwa likijirudia humo: kutoaminiana. Nitalirudia neno hilo kwa kirefu katika sehemu ya tano. Kwanza sharti tuone lilivyoundwa na linakaa wapi miongoni mwa ndugu zake.

2. Shina moja la imani

Tuanze na upande wa kuamini, maana ndio unaotuonyesha upande wa pili. Jambo la kwanza linalomvutia mchunguzi ni kwamba msamiati mkuu wa kuamini katika Kiswahili umetoka katika shina moja la Kiarabu, lile lenye konsonanti za alifu, mimu na nuni. Humo tunapata amini, imani, amani, amana na muumini. Na kwa viambishi vyetu wenyewe tumeunda mwaminifu, uaminifu, aminika, aminisha na aminiana. Anayesema Kiswahili, hata asiyejua Kiarabu, huhisi undugu wa maneno haya kwa sikio.

Undugu huo una maana. Amana ni kitu kilichowekwa kwa mtu akitunze, nacho si chake. Mwaminifu ni yule ambaye amana ikiwa mikononi mwake hurudi ilivyokuwa. Amani ni hali ya watu ambao hawana haja ya kulinda kila walichonacho. Ukiyatazama maneno haya matatu kwa pamoja, utaona kwamba Kiswahili kimeiweka imani karibu sana na mali: imani huwekwa kwa mtu, hupotea, hurejeshwa. Twasema “nimeweka imani yangu kwake” kama tusemavyo “nimeweka fedha benki”, na fedha hizo nazo benki huziita amana.

Imani ina maana nyingine ambayo wageni wa lugha hii huikosa, nayo ni huruma. Mtu asiye na imani, katika mazungumzo ya kawaida, si lazima awe asiyesadiki dini. Huenda ni mkatili tu, asiyemwonea mwenziwe huruma. Maana hizo mbili, ya kusadiki na ya kuhurumia, zinakaa katika neno moja bila kugombana, maana yule unayemwamini ni yule unayetarajia kwamba hatakudhuru hata akipata nafasi.

Mahali ambapo imani pekee haitoshi, Kiswahili kina neno dhamana, la shina jingine. Mtu huwekewa dhamana polisi au mahakamani kwa sababu ahadi yake haikutosha kuaminiwa. Waziri huitwa mwenye dhamana kwa sababu amekabidhiwa jambo la wengine. Na sheria zetu za ardhi zimejengwa juu ya wazo hilo hilo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji huisimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini kwa niaba ya wanakijiji. Nayo si mwenye mali. Kwa lugha ya kawaida, ardhi ya Rudewa au ya kijiji kingine chochote cha Kilosa ni amana. Jambo hili tuliweke akilini, kwa sababu swali la nani amemwamini nani halitatoka hewani.

3. Mashina mengi ya shaka

Kinyume na hayo, upande wa kutoamini hauna shina moja. Kila neno lina asili yake na eneo lake, nayo hayabadilishani nafasi kirahisi.

Shaka limetoka katika Kiarabu shakk. Ni jambo la akili: mtu ana shaka kuhusu habari, hesabu au mpaka wa shamba. Kutoka shina hilo hilo tumepata kitenzi shuku, ambacho hulenga mtu zaidi kuliko habari. Ninalitilia shaka neno lako, lakini ninakushuku wewe. Tazama pia jinsi Wakenya na Watanzania walivyoachana hapa: magazeti ya Kenya humwita mshukiwa yule ambaye magazeti ya Tanzania humwita mtuhumiwa. Kwa Mkenya neno limebaki katika shaka, ilhali kwa Mtanzania limesogea kwenye lawama inayotamkwa.

Tuhuma yenyewe ina historia ya kuzingatia. Katika Kiarabu, neno tuhma lina undugu na wahm, yaani dhana isiyo na msingi, mawazo matupu. Katika Kiswahili cha leo tuhuma ni neno la polisi na mahakama, nalo limepata uzito ambao asili yake haikuwa nao. Mtu akishaitwa mtuhumiwa, wasikilizaji wengi hawabaki na wazo kwamba kuna mtu fulani anayedhani jambo fulani juu yake. Hubaki na wazo kwamba yeye ana jambo.

Dhana, kwa upande wake, imepanda cheo. Kitenzi dhani ni cha kila siku, na “kumdhania mtu vibaya” ni kosa ambalo wazee wetu hutuonya nalo. Lakini sisi wanataaluma tumeichukua dhana tukaifanya kuwa wazo la kitaaluma, tukazungumzia dhana ya maendeleo na dhana ya utamaduni. Ni vizuri tukumbuke mara kwa mara kwamba neno tunalolitumia kwa fahari namna hii ni ndugu wa kushuku.

Wasiwasi ni mnong’ono. Katika sura ya mwisho ya Kurani, ya 114, neno la shina hilo linamhusu anayenong’ona vifuani mwa watu. Ndiyo maana wasiwasi hauhitaji ushahidi. Mwenye shaka huuliza swali na kungoja jibu; mwenye wasiwasi hukosa usingizi hata baada ya kujibiwa.

Nimeacha kwa makusudi neno mashaka. Kisarufi ni wingi wa shaka, lakini kimaana limekwenda njia yake. “Ana shaka” ni mtu anayeuliza. “Ana mashaka” huweza kuwa mtu mwenye maswali mengi, au mtu mwenye dhiki na taabu. Na “maisha yake yamo mashakani” ni hatari. Inaelekea hapa mashina mawili yamekutana: shakk ya shaka, na mashaqqa, neno la Kiarabu lenye maana ya taabu na mashaka ya kimwili. Kiarabu hutofautisha sauti ya kaf na ile ya qaf, Kiswahili hakitofautishi, na kwa hiyo maneno mawili yaliyokuwa mbali yamekaa katika nyumba moja. Mkulima wa bonde la Mkondoa akisema “tunaishi kwa mashaka”, mwandishi wa taarifa atashindwa kujua kama ameambiwa kwamba watu hawana uhakika au kwamba watu wana dhiki. Pengine msemaji mwenyewe amekusudia yote mawili, kwa kuwa kwa mtu asiyejua kama mazao yake yatafika ghalani, kukosa uhakika ndiyo dhiki yenyewe.

Tukimaliza sehemu hii, tuone tofauti moja ya kisintaksia. Imani, kama nilivyosema, mtu huiweka na kuipoteza. Yeye ndiye mtenda. Lakini shaka humwingia mtu, wasiwasi humshika, hofu humpata. Twasema “aliingiwa na shaka”. Lugha imemfanya mwenye imani kuwa mwenye mali, na mwenye shaka kuwa nyumba iliyoingiliwa.

4. Eti na wenzake

Kuna kundi jingine ambalo si la nomino wala vitenzi vikuu, nalo hufanya kazi kubwa kimyakimya. Ni maneno kama labda, pengine, huenda, yamkini, eti, inasemekana na inadaiwa. Haya hayataji shaka. Huitia ndani ya sentensi nzima.

Labda, pengine na huenda hupima uwezekano wa jambo. Eti hufanya kazi tofauti: hutenga msemaji na maneno anayoyapeleka. Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu akisema, “Eti ng’ombe wameingizwa mashambani usiku,” ametoa habari mbili kwa wakati mmoja: kwamba maneno hayo yanasemwa, na kwamba yeye hayabebi mgongoni. Msikilizaji akiyapeleka kwa mtu wa tatu, mara nyingi eti huanguka njiani. Wa tatu husikia, “Ng’ombe wameingizwa mashambani usiku.” Habari haikuongezwa neno hata moja, ila imepungukiwa na silabi mbili, na kwa upungufu huo uvumi umekuwa taarifa.

Uvumi unapoongezewa methali, huwa mgumu zaidi kuuzuia. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hii huwapa watu ruhusa ya kutenda kabla ya kuthibitisha, kwa kuwa imekwisha kuamua kwamba kusemwa kwa jambo ni nusu ya kuwapo kwake. Methali nyingine, aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka, inaeleza kwa nini mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kuutii uvumi: si mjinga, ameumwa. Mahali palipokwisha kumwagika damu, hakuna anayeweza kuwalaumu watu kwa kushtushwa na ung’ongo. Linalowezekana ni kuwasaidia kuhifadhi eti mpaka mtu aende akaangalie.

Inasemekana na inadaiwa hufanya kazi hiyo hiyo katika magazeti, kwa adabu zaidi. Lakini zinapungukiwa na jambo moja: hazimtaji anayesema wala anayedai. Hilo linatupeleka kwenye kiini cha mhadhara huu.

5. Kauli nne za kutoamini

Vitenzi vya Kiswahili hunyambuliwa kwa viambishi vinavyobadili uhusiano wa mtenda na mtendwa. Kila mwanafunzi wa sekondari amejifunza kauli hizo. Nataka tuzipitie kauli nne kwa kutumia vitenzi vya kutoamini, tuone kila moja inamweka nani mbele na inamficha nani.

Kauli ya kwanza ni ya kutenda: “Siwaamini wafugaji,” “Simwamini mtendaji wa kijiji.” Hapa mwenye shaka anajitaja. Kwa kuwa anajitaja, anaweza kuulizwa: kwa nini? tangu lini? kwa jambo gani? Kauli hii ni kali kuisikia, lakini ndiyo inayoruhusu mazungumzo.

Kauli ya pili ni ya kutendwa: “Wanatuhumiwa,” “wanashukiwa.” Anayetuhumu ametoweka. Sarufi inaruhusu kumtaja kwa kiunganishi na, tukasema “wanatuhumiwa na jirani zao”, lakini si lazima, na mara nyingi hatajwi. Kinachobaki ni mtu mwenye tuhuma, kama kwamba tuhuma zimemwota mwilini.

Kauli ya tatu ni ya kutendeka: “Hawaaminiki.” Kauli hii hueleza hali au uwezekano, kama vile maji yanyweka au barabara haipitiki. Tunaposema barabara haipitiki, tunasema sifa ya barabara, wala haidhuru ni nani anayetaka kupita. Vivyo hivyo, anayesema “wakulima hawaaminiki” au “wafugaji hawaaminiki” ameuchukua mwelekeo wa moyo wake mwenyewe akaufanya kuwa tabia ya watu wengine. Hatumwulizi tena kwa nini hawaamini, maana sentensi yake haimtaji. Katika kauli zote nne, hii ndiyo ninayoiona kuwa ya hatari kubwa, nayo ndiyo inayopita kirahisi mno vinywani mwa watu wenye heshima zao.

Kauli ya nne ni ya kutendana: “Hawaaminiani.” Kutokana nayo, kwa kiambishi kanushi -to-, tumepata nomino-kitenzi kutoaminiana. Neno hili ni refu na halipendezi sana masikioni, lakini limekuwa mhimili wa taarifa za migogoro. Kauli ya kutendana inadai mambo mawili: kwamba pande ni mbili au zaidi, na kwamba kila upande unamfanyia mwenziwe lile lile analofanyiwa. Wakipigana, kila mmoja amepiga. Wasipoaminiana, kila mmoja amekosa imani kwa mwenziwe, na sarufi haisemi nani alianza, kwa sababu gani, wala kama upande mmoja una sababu nyingi kuliko wa pili.

Sisemi kwamba kauli hii ni ya uongo. Ina hekima yake. Mpatanishi anayefungua baraza kwa kusema “ndugu zangu, hamwaminiani” amewapa watu wote mahali pa kukaa, wala hajamfukuza mtu kwa neno la kwanza. Wazee wetu walijua kwamba mwenye kulaumiwa hadharani hasikii tena. Shida huanza pale neno la kufungulia baraza linapogeuka kuwa neno la kufungia taarifa.

Turudi Kilosa. Mwaka 2009, Tor A. Benjaminsen, Faustin P. Maganga na Jumanne Moshi Abdallah walichapisha katika jarida la Development and Change uchunguzi wao kuhusu mauaji ya Rudewa Mbuyuni. Hawakuridhika na maelezo kwamba wakulima na wafugaji wana uadui wa asili. Walitazama historia ya ardhi na ya vijiji, na sera zilizoupa kilimo nafasi huku zikiusukuma ufugaji wa kuhamahama pembeni. Tena walionyesha kwamba rushwa ilidhoofisha imani ya wakulima na ya wafugaji kwa viongozi, na imani yao kwamba viongozi wangekuwa na nia ya kuzuia mapigano.

Tazama sasa mwelekeo wa sentensi hiyo. Imani iliyopotea hapa ni ya wananchi kwa wenye mamlaka. Mkulima haamini kwamba akipeleka malalamiko yake atasikilizwa bila fedha; mfugaji haamini kwamba faini aliyotozwa ni ya haki. Mishale miwili inaelekea mahali pamoja, ofisini. Lakini tukisema tu kwamba “chanzo ni kutoaminiana kati ya wakulima na wafugaji”, mishale hiyo imegeuzwa, kila mmoja unaelekea kwa jirani, na ofisi imetoka katika sentensi. Hakuna aliyesema uongo. Kiambishi -an- kimefanya kazi yake ya kawaida, na mtu wa tatu hana nafasi katika kauli ya watu wawili.

Hapa ndipo ninapokumbuka ile amana ya sehemu ya pili. Ikiwa ardhi ya kijiji imekabidhiwa kwa wadhamini, basi kuna uhusiano wa imani ambao si wa kutendana hata kidogo. Mwenye amana humwamini mdhamini. Mdhamini hatakiwi kumwamini mwenye amana, anatakiwa kuwa mwaminifu. Imani hiyo ikivunjika, neno lake si kutoaminiana. Lugha yetu ina neno la zamani na la wazi zaidi, nalo ni khiyana, yaani kuivunja amana. Neno hilo ni zito, wala halifai kutupwatupwa bila ushahidi. Lakini ni vyema tujue kwamba lipo, na kwamba anayeandika kutoaminiana badala yake amechagua.

Lugha ya Bunge inalijua jambo hili vizuri. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika ibara ya 53A, inaweka utaratibu wa kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Watunga Katiba hawakuiita kura ya kutoaminiana. Walijua kwamba imani hiyo ina upande inakotoka na upande inakokwenda.

6. Mikumi: jasho, machozi na hewa

Tusogee kusini, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, nayo ina eneo la takriban kilomita za mraba 3,230. Barabara hiyo inakata katikati ya hifadhi, na vijiji vya wakulima vimepakana nayo. Tembo hawasomi mipaka. Mkulima anayelala shambani akilinda mahindi anajua kwamba kazi ya msimu mzima yaweza kumalizika kwa usiku mmoja.

Kwa hasara kama hiyo Serikali ina malipo yaliyowekewa kanuni mwaka 2011, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Malipo kwa mali iliyoharibiwa huitwa kifuta jasho. Kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa huitwa kifuta machozi. Ni majina mazuri, ya Kiswahili fasaha, yenye taswira ambayo kila mtu anaielewa. Na majina hayo yalichaguliwa kwa uangalifu, kwa sababu hayasemi fidia. Fidia ni deni: anayeidai ana haki, na anayelipa ana wajibu wa kufikia thamani ya kilichopotea. Kifuta jasho ni kitambaa. Anayekupa kitambaa ujifute amekuonea imani, katika ile maana ya huruma niliyoitaja, lakini hajakiri kwamba unamdai.

Kwa hiyo mkulima anayesubiri kifuta jasho anaweza kuwa na shaka ya namna mbili. Ya kwanza ni ya kawaida: je, kitakuja, na lini? Ya pili imo ndani ya neno lenyewe: je, kinachokuja ni haki yangu au ni hisani? Ofisa anayejibu swali la kwanza bila kulijibu la pili atashangaa kuona kwamba amelipa, na bado haaminiwi.

Mfano wa mwisho unahusu misitu ya Kilosa. Kati ya mwaka 2009 na 2014 wilaya hiyo ilikuwa miongoni mwa maeneo ya mradi wa majaribio wa kupunguza ukaa unaotokana na ukataji wa misitu, uliosimamiwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na MJUMITA. Biashara inayokusudiwa na miradi kama hiyo imepewa kwa Kiswahili jina la biashara ya hewa ukaa. Kiistilahi jina hilo halina kosa. Lakini istilahi haziingii katika lugha iliyo tupu. Kabla ya hapo neno hewa lilikuwa limekwisha kupata maana nyingine mitaani na magazetini: kitu kilichopo katika maandishi tu. Mfanyakazi hewa hulipwa mshahara wala hayupo. Mwaka 2016, Serikali ilipoendesha uhakiki wa watumishi wa umma, msemo huo ulikuwa kinywani mwa kila mtu. Hewa kwa maana hii imejiunga na chakachua, kitenzi kilichotoka katika mafuta yaliyochanganywa kikaingia hata katika mazungumzo ya kura za mwaka 2010, na usanii, ambao zamani ulikuwa ufundi na sasa ni udanganyifu pia. Mwanakijiji anayeambiwa kwamba msitu wake utamletea fedha kwa kuuza hewa anasikia maana zote mbili. Anayemletea habari hiyo anawajibika kujua kwamba shaka lilifika kijijini kabla yake, likiwa limebebwa na neno.

7. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, Kiswahili kina shina moja kuu la kuamini na mashina mengi ya kutoamini, na kila moja la haya ya pili lina eneo lake: shaka ni la habari, kushuku ni kwa mtu, tuhuma ni ya kutamkwa, wasiwasi ni wa moyo, mashaka ni ya maisha. Pili, mnyambuliko wa kitenzi huamua nani atajulikana kuwa mwenye shaka na nani atafichwa. Tatu, maneno tunayowapelekea watu, kama kifuta jasho au hewa ukaa, hubeba jibu la swali la imani kabla hatujaulizwa.

Baadhi yenu mtasema kwamba watu hawakufa Rudewa Mbuyuni kwa sababu ya viambishi, bali kwa sababu ya ardhi, maji, mifugo na mashamba. Ni kweli kabisa, nami singependa mwanaisimu yeyote ajivike kazi ya hakimu au ya mpima ardhi. Lakini ardhi hupimwa na hukumu hutolewa kwa kutegemea maelezo, na maelezo huandikwa kwa lugha. Taarifa isiyosema nani hamwamini nani, kwa jambo gani, haiwezi kumsaidia hakimu wala mpima.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo, nalo linawahusu zaidi wanafunzi walio hapa, ambao kesho watakuwa maofisa watendaji, waandishi wa habari, mahakimu na walimu. Mnapoandika muhtasari wa kikao cha kijiji, pale kalamu inapotaka kuandika “kuna hali ya kutoaminiana”, isimamisheni. Andikeni: fulani hamwamini fulani, kuhusu jambo hili, tangu siku hii. Palipo na eti, liandikeni eti. Mtu akisema “hawaaminiki”, mwulizeni kwa upole ni nani asiyewaamini, na mwandike jibu lake. Muhtasari utakuwa mrefu zaidi na huenda usimpendeze kila atakayetia sahihi. Lakini atakayeusoma baada ya miaka kumi ataweza kujua ni amana ipi iliyovunjika, na aende kuiulizia wapi.